Je, Unajua Kuoga?

Mwenyekiti wa klabu yetu alifundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili, akastaafu, na tangu siku hiyo hajapata wanafunzi wengine isipokuwa sisi. Ndiyo maana nilipompelekea fomu ya safari ya mtoni aipitishe, badala ya kutia sahihi kama binadamu wengine, alitoa kalamu nyekundu.

"Katibu," akaniambia, "swali la nne lina kasoro."

Swali la nne lilikuwa: Je, unajua kuogelea?

Nikamuuliza kasoro iko wapi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, na hapo ujue somo limeanza. "Kuoga ni kitenzi. Kuogea ni kuoga kwa kutumia kitu, mathalani ndoo. Sasa kuogelea, hicho kipande cha pili kina kazi gani? Mtu anamwogelea nani? Huko ni kurefusha neno bila sababu. Andika kuoga."

"Mwalimu, kuoga ni kuoga. Sabuni na dodoki."

"Safari ni ya mtoni. Muktadha unajieleza," akasema, na akakata neno langu kwa mstari mmoja mnyoofu.

Mimi nina steshenari. Nawachapia watu barua za kuomba kazi, barua za kuacha kazi, na barua za kuomba kurudi kwenye kazi ileile. Kosa nikiliona nalijua. Lakini yule mzee ni rika la baba yangu, miguu ilikuwa inaniuma, nikasema potelea mbali. Nikatoa nakala kumi na mbili, kila moja ikimuuliza mtu mzima mwenye familia yake kama anajua kuoga.

Inaitwa Klabu ya Burudani na Mapumziko, na kwa miaka sita burudani yetu kubwa imekuwa kuahirisha. Tunakutana Jumamosi saa kumi jioni katika darasa la chekechea tunaloazimwa na mwenye shule. Tunakaa kwenye viti vya watoto, magoti yamekaribia videvu, ukutani picha za kuku na kikombe zinatutazama, na hapo tunajadili ajenda kwa uzito wote. Mwaka juzi tulipanga kupanda mlima. Tukaupanga miezi minne, tukaunda kamati ya viatu, tukaishia kuuangalia kutoka kwenye mgahawa ulio chini yake. Kwa hiyo Kinyozi aliposimama kutoa hoja kwamba safari hii tukateremke mto wa maporomoko kwa boti la mpira la kujaza upepo, wikiendi nzima, tulale kwenye mahema, mimi nilipiga makofi kuliko wote. Nilijua hatuendi popote.

Kumbe Kinyozi alishaongea na kampuni. Tarehe ilishapangwa, mahema yalishakodiwa, na kampuni ilikuwa inataka fomu tu.

Fomu zikarudi. Nesi wa zahanati, mwanamke mmoja safi mpaka anaudhi, aliniletea yake mkononi akaitupa kwenye meza ya kudurufia. "Katibu, mimi na wewe tuna ugomvi gani? Kama kuna mtu amesema nanuka, aje aniambie usoni." Kinyozi yeye aliandika "Ndiyo, mara mbili kwa siku," akapigia mstari. Mwenye duka la dawa akaandika "Ndiyo, ila msimu wa baridi inategemea." Wote kumi na wawili walijibu ndiyo. Nikazifunga kwenye bahasha nikazituma kwa kampuni, na klabu yetu ikaingia kwenye kumbukumbu zao kama klabu ya watu wasafi.

Sasa nimseme mume wangu, maana yeye naye alijibu ndiyo, na kwa mwandiko wa kujiamini sana.

Mume wangu ni fundi wa friji. Ni mtu mpole, mchapakazi, na kasoro yake ni moja: akishasema kitu mbele za watu, hakirudi. Mwaka ule wa kwanza wa klabu, watu wakipiga stori za shuleni, yeye akasema aliwahi kushika kombe la kuogelea. Hakuna aliyemuuliza. Alilisema tu, kama mtu anavyopiga chafya. Kinyozi akamwita Papa, yule samaki, na jina likaganda. Mpaka leo klabuni haitwi jina jingine, na kila mwaka kombe linaongezeka ukubwa. Mara ya mwisho kulisikia lilikuwa la wilaya.

Mume wangu hajui kuogelea. Hajui kabisa. Najua kwa sababu mwaka tuliooana, mwajiri wake aliwafanyia sherehe hotelini, na watu walipokuwa kwenye foleni ya chakula, yeye aliteleza akatumbukia kwenye bwawa upande wa kina kirefu, na shati na viatu. Niliruka na gauni langu nikamshika kola nikamvuta hadi kwenye ngazi. Alikohoa, akatema maji, akapumua, halafu akaniambia alikuwa anatafuta saa yake. Saa ilikuwa mkononi. Nikamuuliza, "Umeipata?" Akasema, "Nimeipata." Hiyo ni miaka kumi na moja, na hatujawahi kuligusa tena suala hilo.

Mimi kuogelea nilifundishwa na baba, aliyekuwa anasafisha bwawa la shule moja ya matajiri. Likizo wenye shule wakiondoka, bwawa lilikuwa letu. Klabuni hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mwanamke mwenye mwili kama wangu watu humuuliza mapishi.

Jumanne simu ya dukani ikalia. Sauti nzito, ya taratibu. Alijitambulisha kuwa ndiye nahodha wa maboti, na watu humwita hivyohivyo, Nahodha.

"Mama, nimepata fomu zenu," akasema. "Nimefurahi kwamba wote mnaoga. Hongereni. Sasa kuogelea, nani anajua?"

Nikamweleza habari za Mwalimu na kitenzi chake. Hakucheka. Akasema kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa na anataka nimsikilize vizuri. "Asiyejua kuogelea hanisumbui. Anavaa jaketi la kuelea, tunamweka katikati, tunampa mtu anayejua wa kukaa naye. Anarudi nyumbani na picha. Anayeninyima usingizi ni asiyejua anayesema anajua. Huyo tunamweka mbele ashike kasia. Kuna poromoko la tatu pale, sisi tunaliita Mama Mkwe, kwa sababu likikuamulia limekuamulia. Boti likipinduka, tunawafuata kwanza walioandikwa hawajui. Wa mbele tunamwacha wa mwisho, tukijua anajimudu. Umenielewa, mama?"

Nilimwelewa. Nilikata simu nikakaa kwenye kiti cha wateja. Picha iliyokuwa inanijia ni ya shati la mume wangu chini ya maji. Niliogopa, niseme tu ukweli. Niliogopa mpaka mteja mmoja nikamchapia wasifu wa kazi wenye tarehe ya kuzaliwa ya kesho.

Jioni hiyo nilimkuta mume wangu sebuleni amekalia mkono wa kochi, ameshika ufagio, anapiga kasia. Kushoto, kulia, kushoto. Kichwani alikuwa amevaa miwani ya kuogelea, mpya, bado ina karatasi ya dukani.

"Naona Papa unajinoa," nikasema.

"Mabega lazima yazoee, Mama Watoto."

Nikaingia jikoni, nikamgeuzia mgongo, nikaanza kukata vitunguu huku namsimulia maneno ya Nahodha yote kama nilivyoyasikia, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Asiyejua, katikati. Anayesema anajua, mbele. Wa mbele, wa mwisho. Nilivikata vitunguu vya kutosha harusi. Nyuma yangu ufagio ukanyamaza. Baadaye akaja akasimama mlangoni, miwani ameivua, akaomba aione nakala ya ile fomu. Akaisoma yote hadi chini kwenye anwani na namba ya simu ya kampuni, akanirudishia, akasema, "Mwalimu naye, na lugha yake," akaenda kuoga.

Nikangoja aseme. Jumatano hakusema. Alhamisi alizungumzia gesi ya friji. Ijumaa nilimwambia kwamba hata wanajeshi wengine hawajui kuogelea, na si aibu. Akaniuliza nimewaona wapi wanajeshi. Ningeweza kumkabili, najua mnavyofikiria. Ningesema, wewe mwanaume, nilikutoa majini mimi mwenyewe. Lakini kuna vitu ukishamwambia mtu, mtaishi navyo nyumba moja mpaka mzeeke, navyo vitakuwa vimekaa katikati yenu kwenye kochi. Nikanyamaza, nikawa mwoga wa pili nyumbani kwetu.

Jumamosi mkutano ukafunguliwa. Mwenyekiti akatangaza kwa masikitiko kwamba katika fomu kumejitokeza kosa la uchapaji. La uchapaji, mnasikia? Akanitazama kwa huruma, kama anayenisamehe. Nesi akasonya, akasema basi kumbe hakuna aliyesema ananuka, na uso wake ukatulia kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Ili tusipoteze karatasi nyingine," Mwenyekiti akasema, "asiyejua kuogelea anyooshe mkono."

Kumi na wawili, watu na akili zetu, tumekaa kwenye viti vya watoto wa miaka minne, na hakuna mkono. Kinyozi alikuwa anakagua kucha. Nesi alikuwa anasoma ukutani habari za kuku. Mume wangu mikono yake ilikuwa magotini, imetulia kabisa, na mshipa wa shingoni unamcheza. Nikaona poromoko la tatu. Nikajiambia, hapa panahitaji mmoja wa kuanza tu. Akianza mmoja, aibu inagawanywa, na yeye atapata pa kujifichia.

Nikanyoosha mkono.

"Katibu hajui," Mwenyekiti akasema, akaandika. Hakuna aliyeshangaa, jambo lililoniuma kidogo, sikatai. Na kweli, mkono wangu ukafanya kazi. Nesi akapandisha wake mpaka usawa wa sikio. Mwenye duka la dawa akafuata. Kinyozi, mleta hoja, bingwa wa maporomoko, akapandisha vidole viwili akasema yeye anajua lakini si sana, tumwandike tu. Mwisho Mwenyekiti mwenyewe akajiandika kimyakimya akidhani hatuoni.

Nikamgeukia mume wangu. Njia ilikuwa nyeupe. Watu watano wameshajivua nguo mbele yake, yeye alichotakiwa ni kuinua mkono mmoja wenye uzito wa bisibisi. Akanitazama. Sura yake ilibadilika, sikuielewa, kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake akaambiwa umeshachukuliwa. Mikono haikutoka magotini.

"Papa mbele, bila shaka," Mwenyekiti akasema.

"Bila shaka," Kinyozi akasema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu na sikumsemesha. Nilikuwa nimekasirika hadi masikio yananichoma. Nimesema uongo mbele ya watu kwa ajili yake, nimeandikwa kwenye daftari langu mwenyewe kwamba sijui kitu alichonifundisha marehemu baba yangu, na yeye amekaa pale na kombe lake la uongo, tayari kufa nalo. Jumapili nilipika, nikafua, nikapiga pasi hadi soksi, na sikutoa neno. Yeye alikwenda karakana, siku ambayo huwa haendi, akarudi jioni akala akalala.

Jumatatu asubuhi nilifungua duka mapema nikampigia Nahodha. Nilikuwa nimeshaamua. Akichukia, achukie akiwa hai.

"Nina orodha ya wasiojua," nikamwambia. "Watano. Na kuna wa sita ambaye hakunyoosha mkono. Naomba umwandike, lakini asijue nimekupigia mimi. Ni fundi wa friji."

Nahodha akauliza, "Mumeo?"

"Umejuaje?"

"Mama, huyo bwana alinipigia Jumatano. Saa moja asubuhi, sijafungua hata mlango. Akaniambia hajui kuogelea, hajawahi kujua, na anaomba asiulizwe mbele za watu. Nikamwambia kwangu si tatizo, ila lazima akae na mtu anayejua vizuri, wa kumwamini. Akasema anaye."

"Nani?"

"Wewe. Akasema, mke wangu aliwahi kunitoa majini, na miaka kumi na moja hajanitajia hata siku moja, hata tukigombana. Akasema akikaa nyuma yako hata huo mto wote upinduke, sawa. Nikawapanga boti la pili, wewe mbele, yeye nyuma yako. Nilitaka nimpe mtu wangu mmoja wa kuongezea, akakataa."

Nilitafuta kiti kwa mkono. Mashine ya kudurufu ilikuwa inapata moto, inanguruma, na mimi nasikia kila neno.

"Sasa jana mchana akanipigia tena," Nahodha akaendelea. "Akasema nimfute, haji, amepata kazi ya friji. Nikamwambia, bwana, mbona wikiendi hiyo ni wiki mbili mbele, friji gani hiyo inaharibika kwa miadi? Ndipo akasema mkutanoni mke wake amesema hajui kuogelea. Labda amechoka kumbeba, akasema, na hana haki ya kumlaumu. Mama, hebu niambie mimi, wewe unajua au hujui?"

"Najua," nikasema. "Najua kuliko wote."

"Basi yamalizeni huko kwenu, kisha nipigie."

Yamalizeni. Kirahisi hivyo. Mimi kumbe, kwa busara zangu, nilimwona mume wangu mkaidi siku zote hizo, naye alikuwa ameshajisalimisha kwa mtu wa pekee aliyetaka kujisalimisha kwake. Nami nikapandisha mkono mbele ya watu kumi na mmoja nikamwambia sipo. Nilijiona mjinga, na si kwa utani.

Nikachukua simu nikafungua kundi la klabu. Nikaandika: "Ndugu wanachama, Katibu anasahihisha kumbukumbu za Jumamosi. Katibu anajua kuogelea. Aondolewe kwenye orodha ya wasiojua."

Hapo ndipo utajua watu hawana kazi Jumatatu asubuhi. Kinyozi akauliza nimejifunza lini, jana? Nesi akasema kama ni hivyo na yeye alinyoosha kwa sababu yangu, na hakupenda. Mwenye duka la dawa akatuma vikatuni vitatu vya kucheka. Kisha Mwenyekiti akaja, na koma zake na nukta zake: "Katibu, kuupotosha mkutano ni jambo zito. Klabu ina haki ya kujua. Ni kwa nini ulisema uongo?"

Nikaandika kwamba nilisikia vibaya swali. Nikafuta. Nikaandika kwamba nilikuwa natania. Nikafuta. Nikaandika kwamba aliyebadilisha kuogelea kuwa kuoga asinifundishe habari za upotoshaji, hiyo niliipenda sana, na nayo nikafuta, maana ingemfurahisha kila mtu na isingejibu kitu. Jibu la kweli lilikuwa moja na halikuwa langu kulitoa. Klabu ikangoja. Mwenyekiti akaandika: "Tunasubiri."

Halafu likaingia jina la mume wangu.

"Mwalimu, muulize mimi," aliandika. "Mke wangu alinyoosha mkono ili nipate nguvu ya kunyoosha wangu. Nilimwelewa vibaya. Mimi ndiye sijui kuogelea. Sijawahi kushika kombe lolote, si la shule wala la wilaya. Yeye aliniokoa nisizame tukiwa maharusi, hakumwambia mtu. Naomba nikae boti lake. Kama hanitaki, nitawasubiri ukingoni, nitawapigia picha."

Mwenyekiti hakusahihisha kitu, na ndani ya ujumbe ule mlikuwa na sehemu mbili za kutia kalamu nyekundu.

Niliusoma mara ya pili, nikausoma tena. Nikaandika "Nakutaka," mbele ya klabu nzima, mimi mwenye umri huu, nikautuma. Kisha nikafungua daftari la mkutano, nikafuta jina langu kwenye orodha, nikaandika la mume wangu.

Mteja aliyekuwa amesimama na cheti chake cha kudurufiwa akaniangalia ninavyojifuta macho kwa kitambaa cha mashine. Akaniuliza kwa upole kama nimefiwa.

Nikamwambia hapana, mume wangu ameniandikia.